Boom inahesabu tumbo moja: wanafunzi wenye watoto hapa Mtwara mnaishije?

#1 Binti_Shangani
Wakuu salaam. Naenda moja kwa moja. Niko mwaka wa pili, chuo kimojawapo hapa Mtwara mjini, jina msiniulize. Nina mtoto wa miezi mitano. Boom (hela ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo) napata na nashukuru: elfu kumi kwa siku, ikiingia ya siku sitini ni laki sita. Ila hiyo elfu kumi imepigiwa hesabu ya tumbo moja na kitanda kimoja. Mwanangu hayumo.

Leo nilikuwa na test saa mbili asubuhi. Dada wa kazi kaondoka Jumamosi kwenda kwao Tandahimba. Msimu wa korosho umeanza, kuokota kunamlipa kuliko ninavyomlipa mimi, na siwezi kumlaumu. Nimemwacha mtoto kwa mama wa stationari jirani na geti la chuo, kwenye boksi la karatasi za A4 lililotandikwa kanga. Nimefika swali la tatu maziwa yakaanza kuvuja, blauzi yote mbele imelowa, swali la nne nimeliacha hivyo hivyo nikatoka. Nimemkuta kalala fofofo, mashine ya fotokopi inanguruma kichwani kwake.

Swali langu: kwa nini chuo hakina hata chumba kimoja cha kulelea watoto? Na Bodi ya Mikopo inayouliza kila kitu, mbona haiulizi kama una mtoto?

#2 Mzee_wa_Minada
Nimekaa kiti cha mbele. Hilo boksi la A4 limeniua.

#3 Kidume_Chuno
Pole dada, ila tuseme ukweli. Bodi haikukutuma. Boom ni mkopo wa kusomea, siyo posho ya uzazi. Leo mtoto, kesho mtaomba ya mume. Si ungeahirisha mwaka tu ukalea, ukarudi?

#4 Mama_Mapacha
#3 wewe unajua kuahirisha ni nini? Mimi niliahirisha. Ukiahirisha unaandika barua chuoni, Bodi nao wanapewa taarifa, boom inasimama. Yaani mwezi ule ule unaonunua nepi na kulipa chumba ndio mwezi hela inakatika. Halafu kurudi una makaratasi mengine ya kuomba mkopo uendelee. Mimi nilirudi wenzangu wako fildi, sina ninayemjua darasani, natazamwa kama mwalimu wa zamu.

Na mapacha walikuwa na mwaka mmoja na nusu, bado wanahitaji wa kuwashika. Kuahirisha hakukuniongezea mikono.

#5 Kidume_Chuno
Sawa mama, nimesikia. Lakini boom ni 8,500 siyo 10,000, dada arekebishe.

#6 Waziri_Mstaafu
8,500 ilikuwa zamani, ikapanda ikawa 10,000. Mkuu naona ulimaliza chuo enzi za simu za tochi.

Nilikuwa waziri wa mikopo kwenye serikali ya wanafunzi (ndio maana ya jina, msidhani nilikuwa Dodoma), kwa hiyo fomu za Bodi nazijua kama kiganja. Wanataka kujua wazazi wako: wako hai, wana ulemavu, kaya iko TASAF (mpango wa kaya maskini), nani alikulipia sekondari. Maswali yote yanaangalia juu. Sikumbuki linaloangalia chini yako. Wanakuona wewe ni mtoto wa mtu, na mtoto hazai.

Na hapo ndipo wanapojipinga wenyewe, kwa sababu sharti la umri ni usizidi miaka 35 unapoomba. Unamkopesha mtu wa miaka 33 halafu unashangaa ana mtoto?

#7 Nesi_wa_Zamu
Binti_Shangani, kuhusu maziwa: kamua kabla hujatoka, usisubiri yajae. Chombo kisafi chenye kifuniko, mlezi anywesha kwa kikombe na kijiko, chupa ni ngumu kuosha vizuri. Ule muda wa masaa manne mnaousikia ni wa chumba cha nyuzi joto 25. Novemba hapa Mtwara kwenye bati bila silingibodi siyo 25, kwa hiyo punguza, au weka kwenye jagi la barafu. Na ukifika saa sita bila kunyonyesha wala kukamua, yale mabonge ya titi ndiyo yanayoleta homa. Wanafunzi wengi nawaona wanakuja wakidhani ni malaria.

#8 Binti_Shangani
Nesi asante sana. Friji sina, ila barafu za mia zinauzwa jirani. Nitajaribu.

#9 Mjomba_wa_Newala
Wanangu, nyinyi mnaitafuta sababu Dodoma na Dar, sababu iko hapa hapa. Sisi Wamakonde, Wamakua, Wayao, mpaka Wamwera wa Lindi, mtoto ni wa ukoo wa mama. Binti akizaa, mtoto anarudi kwa bibi yake, na mimi mjomba ndiye wa kuulizwa ada. Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyejenga nyumba ya kulelea watoto kwa sababu nyumba ilikuwepo: ya bibi. Chuo kimekuja juzi kimekuta watu wanajilelea, kikanyamaza.

Kwa hiyo ushauri: mpeleke mtoto kijijini akiacha kunyonya, soma.

#10 Mama_Mapacha
Mjomba shikamoo. Bibi mwenyewe saa hizi yuko shambani anaokota korosho toka alfajiri. Na mjomba siku hizi akiona simu ya mpwa anaizima.

#11 Mjomba_wa_Newala
Marahaba mwanangu. Ya kuzima simu sikatai, inategemea na mnada. Bei ikiwa mbaya hata mke simpokelei.

#12 Mzee_wa_Minada
Mjomba mnada wa mwisho mmeuza bei gani huko? TANECU (chama cha ushirika) wameshalipa?

#13 Mjomba_wa_Newala
Fungua uzi wako wa korosho, usimwharibie mtoto wa watu.

#14 Baba_Kijana
Uzi mzima mnaongea kama mtoto ana mzazi mmoja. Mimi ni mwanafunzi na ni baba. Mwenzangu anasoma chuo kingine hapa hapa, tumepanga chumba Magomeni. Ratiba tunazibandika ukutani mbili sambamba, rangi nyekundu zake, bluu zangu. Palipo na nyekundu na bluu saa ile ile ndipo penye vita. Jumanne saa nne mpaka saa sita wote tuna kipindi, na Jumanne hiyo mtoto nimeingia naye lecha mara mbili.

Mara ya kwanza mwalimu alicheka. Mara ya pili mtoto akajibu swali (alipiga kelele "tata!" pale mwalimu aliposema data), darasa likavunjika, nikaombwa nitoke. Hakunitukana. Alisema tu, "Kijana, mama yake yuko wapi?" Angekuwa mama asingeulizwa baba yuko wapi.

Usiku napiga bodaboda ya kukodi. Nikitoa hesabu ya mwenye pikipiki na mafuta, kinachobaki ndicho kinachonunua unga wa uji. Kwa hiyo Kidume wa #3, tumbo la pili linalishwa na pikipiki, na kozi mbili nimekamata sapu (mtihani wa marudio).

#15 Kidume_Chuno
Hapo kwenye "tata" nimecheka peke yangu ofisini. Pole mkuu. Naanza kulegea, ila bado sijakubali Bodi iingie humo. Ukiongeza mkopo umeongeza deni, na ile asilimia sita ya kila mwaka ya kulinda thamani itakula mpaka mjukuu.

#16 Waziri_Mstaafu
Ile sita ilifutwa 2021, pamoja na adhabu ya asilimia kumi ya waliochelewa. Makato ya 15% ya mshahara ukiajiriwa ndiyo yapo. Kidume leo una siku mbaya na tarakimu.

Ila hoja yako ya deni ina uzito. Mama akikopa zaidi kwa ajili ya mtoto, atakatwa muda mrefu kuliko baba aliyekimbia ambaye alikopa tumbo moja. Ndiyo maana mimi nataka iwe ruzuku au huduma, siyo mkopo.

#17 Ughaibuni_Mpingo
Huku Uingereza mwanafunzi mwenye mtoto anapewa hela maalumu ya kulipia kituo, mpaka asilimia 85 ya gharama, na hairudishwi. Mnaona tofauti? Ukija kusoma huku na mtoto unasaidiwa.

#18 Nimerudi_Mikindani
Mkuu #17 usipotoshe watu wakauza mashamba. Hiyo ruzuku ipo, ila ni ya wanafunzi wa huko, tena wa shahada ya kwanza wenye kipato kidogo. Sisi tulioenda na viza ya masomo imeandikwa kabisa kwamba huna haki na fedha za umma. Nilikuwa na mwanangu wa miaka miwili, kituo kwa siku kilikuwa kinakula hela ya chakula cha wiki. Nikamrudisha kwa mama yangu Mikindani akiwa na miaka mitatu. Nilipotua akaniita anti.

Ujerumani nao mkopo wa wanafunzi una nyongeza ya euro 160 kwa mwezi kwa kila mtoto wa chini ya miaka 14, na hiyo nyongeza hailipwi kama deni. Huo mfano naupenda zaidi, maana umekaa ndani ya mkopo ule ule. Waziri ndicho unachokisema.

#19 Ughaibuni_Mpingo
Nimesahihishwa. Mimi sina mtoto, niliona tangazo tu.

#20 Sheria_Bila_Joho
Naona hakuna aliyegusa sheria. Mambo matatu, kwa kifupi.

Kuna mtu kaniandikia inboksi kwamba mwanafunzi ana siku 84 za uzazi. Hapana. Siku 84, mapacha 100, na yale masaa mawili ya kunyonyesha kwa siku viko kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Ni vya mwajiriwa. Mhadhiri wako akijifungua anavyo, wewe unayemsikiliza huna. Wewe unategemea kanuni za chuo na huruma ya mkuu wa idara.

Mwingine kasema Serikali iliruhusu wenye watoto kusoma Novemba 2021. Tangazo lile liliwahusu wanafunzi wa shule, msingi na sekondari, waliokuwa wakifukuzwa kwa mimba. Chuo kikuu hakuna aliyekuwa anafukuzwa kwa hilo, na labda ndiyo maana hakuna aliyetuandikia chochote.

La mwisho, baba. Zamani kulikuwa na sheria iliyoweka matunzo ya mtoto wa nje ya ndoa yasizidi shilingi 100 kwa mwezi, na watu mpaka leo wanaitaja kwa kucheka. Ilifutwa na Sheria ya Mtoto ya 2009. Sasa mahakama inaangalia kipato cha wazazi wote wawili. Anza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, mengi yanaishia pale. Akikana mtoto, vinasaba vipo.

#21 Binti_Shangani
Kaka Sheria, baba yake naye ni mwanafunzi, mkoa mwingine, naye anaishi kwa boom. Nikimpeleka ustawi tutagawana elfu kumi. Kwa miezi miwili ya mwanzo alikuwa anatuma elfu ishirini ishirini. Sasa anatuma "mambo".

#22 Mama_Mapacha
Anatuma "mambo" 😂 mdogo wangu utafika.

#23 Waziri_Mstaafu
Narudi kwenye swali la chumba, maana nina kisa. Mwaka wetu tulipita hosteli na mageto tukaandika majina ya wenye watoto. Tulitegemea watano, orodha ikajaa kurasa mbili, na wengi walikuwa hawajawahi kumwambia mtu chuoni. Tukaandika barua, chuo (jina kapuni) kikatoa chumba, tukapaka rangi wenyewe, nikachora twiga ukutani akatoka kama ngamia.

Kikakwama hapa: kituo cha kulelea watoto mchana lazima kisajiliwe kupitia ustawi wa jamii, kiwe na mlezi mwenye mafunzo, choo cha saizi ya watoto, uzio, jiko. Uongozi ukauliza: mtoto akianguka nani anajibu? Sisi tukasema tutasaini. Wakasema mwanafunzi anasaini leo, kesho kahitimu. Hapo sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Chumba sasa ni stoo ya viti vibovu, ngamia wangu bado yupo.

Kwa hiyo siamini kwamba hawajali. Wanaogopa.

#24 Mjomba_wa_Newala
Wakiogopa mtoto kuanguka, boksi la A4 wanaliona kila siku getini na hawaliogopi.

#25 Nesi_wa_Zamu
Mjomba kamaliza.

Naongeza la bima. Mwanafunzi analipa 50,400 kwa mwaka NHIF, na kadi ile ni yake peke yake, mtoto haingii. Sera inasema chini ya miaka mitano matibabu bure, lakini dawa zikiwa zimekwisha utaelekezwa duka la nje. Ukipiga bajeti ya mtoto usiache fungu la dawa.

#26 Huria_Lindi
Mimi nilikimbilia Chuo Kikuu Huria, kituo cha Lindi. Nilisoma na watoto wawili mgongoni, saa tano usiku wakishalala, mitihani naenda kituoni, siku hizo namlipa jirani. Nilichukua miaka mingi kuliko wenzangu, sikatai. Binti, kuna kuhamia huko kabla hujadisko (kuondolewa chuo kwa kufeli).

#27 Baba_Kijana
Dada Huria hongera, ila ushauri wako na wa Kidume ni ndugu. Mmoja anasema ahirisha, mwingine hama. Sisi wenye watoto ndio wa kusogea kila siku?

#28 Huria_Lindi
Sijasema ahame. Nimesema ipo.

#29 Mama_Mapacha
Sisi tulijaribu kulea kwa zamu. Wanawake watano, kila mmoja na siku yake, Jumatatu mpaka Ijumaa, siku yako unakaa na watoto wote kwenye chumba chako. Mapacha wangu walihesabiwa kama mtu mmoja na nusu, tuligombana wiki nzima kwa ile nusu. Ilikwenda vizuri wiki tisa. Wiki ya kumi ikaingia UE (mitihani ya mwisho wa muhula), mwenzetu wa Alhamisi akazima simu, tumesimama mlangoni kwake na watoto watano na mtihani saa tatu. Alikuwa ndani. Tulisikia redio.

Simlaumu sana sasa. Naye alikuwa na mtihani.

#30 Kidume_Chuno
Hao watano si kikundi tayari? Halmashauri kuna mkopo wa asilimia kumi, nne za wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, hauna riba. Andikisheni kikundi mfungue dei kea yenu nje ya chuo, wenye watoto wawalipe nusu bei. Na leo hiyo tarakimu nimeihakiki.

#31 Waziri_Mstaafu
Tarakimu safi, tunakupongeza. Lakini mkopo ule unataka biashara inayorejesha. Wateja wako ni watu wenye laki sita kwa siku sitini, na hata hiyo boom ikichelewa wiki mbili wanakula ming'oko (mizizi ya porini). Utarejesha kwa nini?

#32 Nimerudi_Mikindani
Ming'oko msiitukane, ya chumvi na limao pale sokoni ni chakula cha wafalme.

#33 Mzee_wa_Minada
Na pilipili. Bila pilipili unatafuna mzizi.

#34 Kidume_Chuno
Mada jamani.

#35 Binti_Shangani
Nimerudi. Nimewasoma wote. Mwalimu wa test kaniita leo. Nilidhani ni kwa kutoka mapema, kumbe kasikia habari ya boksi. Kasema swali la nne hanipi, haki ya wengine, ila Jumatano nikiwa na kipindi chake naweza kukaa mlangoni na mtoto. Hana chumba, ana mlango.

Mama wa stationari nilimpelekea elfu tano, kaikataa. Anataka jioni saa moja mpaka saa mbili nimchapie kazi za wateja, yeye macho yanamsumbua. Kuchapa najua. Jana nimechapa ripoti ya fildi ya mtu na mikataba miwili ya pango, mtoto yuko miguuni.

#36 Baba_Kijana
Dada, muulize huyo mama kama Jumanne saa nne mpaka saa sita ana nafasi ya boksi la pili. Wangu ni mkubwa kidogo, ana miezi kumi na moja. Kuchapa sijui, ila naweza kumbebea karatasi na pikipiki.

#37 Binti_Shangani
Nimemuuliza. Anasema huyo wa miezi kumi na moja hatoshei la A4, ila anayo ya A3.